Douro: Mila ya Mwaka Gani?

Mto Douro unaanzia Hispania, unakata kaskazini mwa Ureno na kuingia Bahari ya Atlantiki pale Porto. Mashamba yanayotoa mvinyo wa Porto, hata hivyo, hayapo Porto. Yako bara, kiasi cha kilometa 100 kutoka mjini, nyuma ya milima ya Marão inayozuia mvua za baharini. Sehemu ya magharibi, Baixo Corgo, bado hupata mvua ya kutosha. Katikati, Cima Corgo, mvua hupungua. Na mashariki, katika Douro Superior inayopakana na Hispania, mwaka mzima unaweza kuisha kwa milimita 400 tu. Chini ni mwamba wa shisti, unaopasuka kwa mabamba yaliyosimama wima, na mizizi ya mizabibu hupenya katika nyufa zake kwenda kutafuta maji. Tambarare ni adimu. Shamba la kule halikulimwa tu, lilijengwa: mwamba ulivunjwa kwa nyundo na mitaimbo, mawe yakapangwa kuwa kuta bila saruji, na vifusi vilivyobaki vikageuka udongo wa kupandia.

Mwaka 2001 Unesco iliingiza hekta 24,600 za bonde hilo katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Hiyo ni takriban sehemu moja ya kumi ya eneo zima lenye haki ya jina la Porto. Tangu hapo ubishi wa zamani umepata nguvu mpya: kinachotakiwa kuhifadhiwa ni kipi hasa?

Katika ubishi huo husikika sauti tatu. Ya kwanza ni ya mtetezi wa urithi, anayetaka kuta, mipaka na taratibu zibaki zilivyo. Ya pili ni ya msafirishaji, mwenye maghala huko Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto kutoka Porto, na wateja wa nje. Ya tatu ni ya mkulima mwenye hekta mbili hivi na zabibu za kuuza kila Septemba. Wote watatu huapa kwa mila, ila kila mmoja ana mila ya mwaka wake.

Mtetezi huanza na tarehe 10 Septemba 1756. Siku hiyo Sebastião José de Carvalho e Melo, waziri mwenye nguvu kuliko wote Ureno, ambaye baadaye alipewa cheo cha Markizi wa Pombal, aliunda Kampuni Kuu ya Kilimo cha Mizabibu ya Douro ya Juu. Kabla ya hapo biashara ilikuwa imenoga kisha ikaharibika. Mkataba wa Methuen wa mwaka 1703 uliupa mvinyo wa Ureno nafuu ya theluthi moja ya ushuru wa Uingereza ukilinganishwa na ule wa Ufaransa, na wanunuzi wa Kiingereza wakamiminika Porto. Mahitaji yalipozidi uwezo wa mashamba, uchakachuaji ukaingia. Mvinyo hafifu kutoka sehemu nyingine ulichanganywa na ule wa Douro, kisha ukatiwa rangi kwa matunda madogo meusi ya mti uitwao sabugueiro. Bei ikaporomoka, na kila upande ukamtupia mwenzake lawama.

Dawa ya Pombal ilikuwa kali. Mipaka ilichorwa, na kati ya mwaka 1757 na 1761 nguzo 335 za granaiti zikasimikwa kuizunguka. Nyingine zimesimama hadi leo. Ndani ya mipaka, mashamba yaligawanywa madaraja: ya kutoa mvinyo wa kusafirishwa, na ya kutoa mvinyo wa kunywewa nyumbani. Bei zilipangwa. Miti ya sabugueiro iliamriwa ing'olewe. Mtetezi hupenda kusema kwamba hili ndilo eneo la kwanza duniani kuwekewa mipaka ya mvinyo. Hapo yafaa apunguze sauti kidogo, kwa kuwa Chianti huko Italia ilitangaziwa mipaka mwaka 1716 na Tokaj ya Hungaria ilipata amri yake mwaka 1737. Upya wa Douro ulikuwa katika mfumo wenyewe: mipaka, madaraja, bei, ukaguzi na adhabu chini ya chombo kimoja.

Msafirishaji hasahau kwamba mfumo huo, ambao leo vitabu vya utalii huuita hekima ya wahenga, ulipokelewa kwa mawe. Kampuni ilipewa pia haki ya peke yake ya kuuza mvinyo katika vilabu vya Porto. Februari 1757 watu wa mji walimiminika barabarani. Serikali iliyaita maandamano yao uasi wa walevi, na watu kadhaa wakanyongwa. Wafanyabiashara wa Kiingereza walilalamika kwa miaka mingi kwamba wameporwa soko huria. Malalamiko yao yalikuwa na ubinafsi ndani yake, maana uchakachuaji ulikuwa umepitia mikononi mwao pia, lakini hoja ya msingi ilibaki: anayeshika kalamu ya kuchora mipaka hushika pia mfuko wa pesa.

Mkulima wa Douro Superior ana neno lake hapa. Mwaka 1756 ardhi yake haikuwemo. Mto ulizibwa na mwamba mkubwa katika poromoko la Cachão da Valeira, na mashua za mapipa hazikuweza kupita kwenda juu. Mwamba huo ulilipuliwa kwa baruti mwishoni mwa karne ya 18, na hapo ndipo nchi ya mashariki ilipoanza kupandwa mizabibu kwa wingi. Ukiritimba wa Kampuni ulivunjwa mwaka 1834, ukarudishwa kwa sehemu mwaka 1838, ukafutwa tena mwaka 1865. Kwa zaidi ya miaka 40 biashara ikawa huria, mpaka sheria mpya zilipoanza mwaka 1907 kurudisha mipaka, safari hii ikiwa mipana zaidi. Baadhi ya mvinyo bora wa Porto wa leo hutoka katika ardhi ambayo Pombal aliiacha nje ya nguzo zake. Kwa hiyo mtetezi anapoitaja mipaka ya asili, mkulima huyo humuuliza anazungumzia ipi.

Ubishi wa pili ni mkali kuliko huo, kwa sababu unahusu kilichomo ndani ya chupa.

Mvinyo wa Porto hauachwi uchachuke hadi mwisho. Zabibu hupondwa, hamira huanza kula sukari na kuigeuza kilevi, na baada ya siku mbili tatu, sukari ikiwa karibu nusu bado haijaliwa, juisi hiyo humwagiwa brandi ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77. Hamira hufa papo hapo. Kwa kipimo cha kawaida, lita 435 za juisi inayochachuka huchanganywa na lita 115 za brandi, na kutimia lita 550, yaani pipa moja. Mvinyo unaotoka una kilevi cha kati ya asilimia 19 na 22, na utamu uliobaki ni wa zabibu zenyewe.

Mnywaji wa leo hudhani mambo yamekuwa hivyo tangu enzi. Sivyo. Katika karne ya 17 na sehemu kubwa ya karne ya 18 brandi iliyotiwa ilikuwa kidogo, ya kuusaidia mvinyo uvumilie safari ya bahari, na aghalabu ilitiwa baada ya uchachukaji kumalizika. Kuuzima uchachukaji katikati kulienea taratibu, na hadi katikati ya karne ya 19 bado kulikuwa na mtu mzito wa kupinga.

Mtu huyo alikuwa Joseph James Forrester, Mwingereza aliyefika Porto mwaka 1831 kufanya kazi katika kampuni ya jamaa yake. Alijifunza bonde kwa miguu na kwa mashua, akauchora mto katika ramani iliyosifiwa hata bungeni London. Mwaka 1844 alichapisha kijitabu bila kuweka jina lake, akidai kwamba brandi nyingi, utamu na rangi ya kuongezwa vinaua mvinyo halisi wa Douro. Mvinyo halisi kwake ulikuwa mkavu, uliochachuka hadi mwisho. Wasafirishaji wenzake walikasirika. Mwaka 1861 mashua yake ilipinduka palepale Cachão da Valeira, na hakuonekana tena. Hadithi ya bondeni husema alizamishwa na mkanda wake uliojaa sarafu za dhahabu, huku Dona Antónia Adelaide Ferreira, mwanamke tajiri mwenye mashamba aliyekuwa naye chomboni, akiokolewa na sketi yake pana iliyoelea. Wengi huisimulia; kuithibitisha ni kazi nyingine.

Mtetezi wa leo hujikuta pabaya mbele ya Forrester. Akisema asili ndiyo ilindwe, Forrester alikuwa upande wa asili, na brandi ndiyo iliyokuwa ugeni. Msafirishaji hujibu bila aibu kwamba mnunuzi wa London aliutaka mvinyo mtamu na mzito, hasa baada ya mavuno ya mwaka 1820, ambayo kwa simulizi za wafanyabiashara yalitoa mvinyo mtamu ajabu na kuwafanya wateja waudai tena. Soko liliamua. Hoja hiyo ina nguvu kwa sababu tokeo lake ni bora: mvinyo wa brandi uliokaa ghalani miaka 20 au 40 katika mapipa ya mbao, ukapoteza wekundu na kugeuka rangi ya asali, hauna mfano wake popote. Jambo lililoanza kama hila ya kibiashara liligeuka ufundi. Forrester alikosea kuhusu kesho ya Porto.

Hakukosea kuhusu zabibu. Mwaka 1952 Fernando Nicolau de Almeida, fundi mvinyo wa kampuni ya Ferreira, alitengeneza huko Douro Superior mvinyo mkavu wa mezani ulioitwa Barca Velha. Umeme ulikuwa haujafika shambani, na joto la Septemba lingeuharibu uchachukaji. Ikabidi mabonge ya barafu yasafirishwe kwa lori kutoka Matosinhos, ufukweni, usiku kucha kupanda milimani. Ilichukua miaka 30 zaidi kwa mvinyo mkavu wa Douro kutambuliwa rasmi kisheria, mwaka 1982. Siku hizi shamba lilelile, na mara nyingi zabibu zilezile, hutoa aina zote mbili.

Kuhusu kuponda zabibu, pande hukaribiana zaidi kuliko zinavyokubali. Hodhi la jadi, lagar, ni pana na la kina kifupi, limejengwa kwa granaiti. Usiku wa mavuno wapondaji huingia wakiwa wamevaa kaptura, hujipanga mstari bega kwa bega, mikono mabegani mwa wenzao. Kwa saa mbili za mwanzo hakuna mchezo: msimamizi hupiga hesabu, kushoto, kulia, na mstari husogea hatua ndogondogo huku zabibu za baridi zikifika mapajani. Sehemu hiyo huitwa corte. Ikiisha hutangazwa liberdade, uhuru; akodioni na ngoma hulia, na kila mtu huponda atakavyo. Unyayo una faida yake ya kiufundi, kwani hupasua ganda na kutoa rangi bila kuvunja mbegu, ambayo ndani yake mna uchungu. Na rangi lazima itoke upesi, kwa kuwa muda kabla ya brandi ni mfupi.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni kadhaa zimefunga mahodhi ya chuma yenye mashine za kuiga unyayo. Mtetezi hulalama kwamba muziki umekufa. Msafirishaji hutoa majibu ya maabara, kwamba tofauti ni ndogo na mashine haichoki saa sita usiku. Mkulima hucheka wote wawili: wapondaji wamekwisha. Zamani vikundi vya vibarua vilivyoitwa roga vilishuka kutoka vijiji vya milimani, wanawake wakikata zabibu na wanaume wakibeba mgongoni vikapu vya zaidi ya kilo 50, vikishikiliwa na ukanda wa kichwani, kwenye ngazi za mawe zisizo na mkono wa kushika. Watoto wa watu hao wako Porto, Ufaransa na Uswisi. Anayeulilia muziki wa lagar, asema mkulima, hajabeba kikapu.

Kuta nazo zina historia ya misiba. Kwanza ulikuja ubwiri unga katika miaka ya 1850. Katika miaka ya 1860 akafuata filoksera, mdudu jamaa wa vidukari anayekula mizizi, aliyetoka Marekani. Mashamba yalikauka kilima kwa kilima. Dawa ilikuwa kubebesha mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani yanayomstahimili mdudu, lakini si kila mmoja aliweza kumudu kupanda upya. Matuta yaliyotelekezwa wakati huo, ambayo wenyeji huyaita mortórios, bado yanaonekana yakiwa na vichaka na mizeituni. Matuta yaliyojengwa baadaye yana kuta zilizonyooka zaidi na nafasi kubwa kati yake. Hata ukuta, basi, una miaka yake, na fundi mzoefu huisoma kwa jicho.

Miaka ya 1970 yalikuja matingatinga. Badala ya kuta yalichongwa matuta ya udongo yenye kingo za nyasi, yanayoingilika kwa trekta. Baadhi ya mashamba yakapandwa mistari inayopanda kilima moja kwa moja, bila tuta lolote. Mtetezi huona jeraha katika mandhari. Mkulima huona njia ya kupata mkate. Ukuta wa mawe ulioanguka kwa mvua ya masika huhitaji mafundi ambao hawapatikani, na ukisimama hauruhusu trekta. Mzabibu ulio nyuma yake utapaliliwa, utapogolewa na kuvunwa kwa mkono. Watalii wanaopanda na mto kwa meli hupiga picha ya ukuta huo na kulipa nauli kwa mwenye meli. Mwenye ukuta hapati kitu. Katika mabishano yote ya Douro, hili ndilo ambalo mtetezi hulijibu vibaya zaidi: anaomba urithi ulindwe kwa jasho la mtu ambaye urithi huo haumlishi.

Mkulima hulishwa, au halishwi, na kadi iitwayo benefício. Kila mwaka, kabla ya mavuno, chombo rasmi cha mvinyo wa Douro na Porto hutangaza ni mapipa mangapi ya mvinyo wa Porto yataruhusiwa kutengenezwa. Idadi hiyo hugawiwa mashamba kwa pointi, kwa utaratibu uliobuniwa katika miaka ya 1940 na mhandisi Álvaro Moreira da Fonseca. Hupimwa mwinuko kutoka usawa wa bahari, mteremko, mahali, aina ya udongo, wingi wa mawe, upande linakoelekea jua, kinga ya upepo, aina na umri wa mizabibu, mavuno kwa hekta na mengineyo. Shamba la chini karibu na mto, lenye shisti na joto, hupata daraja A. La juu penye baridi huteremka hadi F na zaidi. Zabibu zenye kadi hununuliwa kwa bei nzuri ya Porto. Zabibu za mzabibu wa jirani, au hata za mzabibu uleule zilizozidi mgao, huenda kwenye mvinyo wa mezani kwa bei ambayo miaka mingine hairudishi gharama ya kuzivuna.

Mtetezi husifu utaratibu huu kama mrithi halali wa Pombal, na kwa kweli umefanya kazi kubwa: umeizuia Porto isijifurike yenyewe. Msafirishaji anaukubali kwa shingo upande. Yeye pia amefungwa na sheria yake, inayomtaka asiuze kwa mwaka zaidi ya theluthi ya akiba aliyo nayo ghalani. Hadi mwaka 1986 alikuwa na ngome nyingine: mvinyo wa Porto ulipaswa kukaa na kusafirishwa kutoka Gaia, na mkulima asiye na ghala huko hakuwa na njia ya kuuza nje. Mlango huo ulipofunguliwa, mashamba kadhaa yalianza kuweka majina yao kwenye chupa. Mashua za rabelo zilizoteremsha mapipa zilikuwa zimeshastaafu katika miaka ya 1960, na mto wenyewe umegeuzwa mabwawa ya umeme yaliyotulia.

Lakini wanywaji wa Porto wanapungua, na mgao unapungua nao. Mwaka 2023 iliruhusiwa mapipa 104,000, mwaka 2024 mapipa 90,000, na mwaka 2025 mapipa 75,000. Bondeni kuna wakulima karibu 20,000, wengi wao wadogo, na kila punguzo huonekana kwanza kwenye kadi zao. Wamekwenda kuandamana mjini Peso da Régua, na dai lao moja limewashika pabaya wasafirishaji. Brandi ya kuzimia uchachukaji, moja ya tano ya kila pipa, kwa sehemu kubwa hununuliwa nje ya Douro, ikiwemo Hispania na Ufaransa. Mkulima anauliza: ikiwa jina la Porto ni takatifu kiasi cha kuwekewa nguzo za granaiti, vipi lita 115 katika 550 zitoke popote?

Hesabu yake si ya mchezo. Mapipa 75,000 yanahitaji lita milioni 8.6 za brandi. Kupata lita moja ya brandi ya asilimia 77 kunahitaji takriban lita sita na nusu za mvinyo wa kawaida wenye kilevi cha asilimia 12. Brandi yote ikitoka nyumbani, ingemeza mvinyo sawa na mapipa 100,000, yaani zaidi ya mgao wenyewe wa Porto, na zabibu za ziada za bonde zingekwisha.

Msafirishaji haikanushi hesabu. Anauliza nani atalipa. Zabibu za tambarare huvunwa kwa mashine kwa gharama ndogo; za Douro huvunwa kwa mkono juu ya mteremko, na kuzikeneka ni kuichoma thamani hiyo ndani ya mtungi. Chupa nyingi za Porto huuzwa rahisi katika maduka makubwa ya Ufaransa, ambayo tangu miaka ya 1960 imekuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya mvinyo huu, na mnywaji wa pale akiona bei imepanda atachukua kinywaji kingine. Mtetezi, ambaye angetegemewa kuwa upande wa brandi ya nyumbani, anasitasita: brandi nzito yenye harufu ya zabibu za Douro ingebadilisha ladha ambayo maghala ya Gaia yameitunza kwa vizazi. Mkulima anamjibu kwamba ladha hiyo nayo iliwahi kuwa ngeni, na kwamba Forrester aliipinga kwa maandishi.